Kumfanyisha aliyepata kiharusi mazoezi ya mkono kwa roboti, hatua kwa hatua

Mkono uliopooza hurudi kwa kurudia, na kurudia ndiko kunakokosekana katika vyumba vingi vya mazoezi. Watafiti waliokaa kando wakihesabu vipindi vya tiba nchini Marekani na Kanada walikuta wastani wa marudio 32 tu ya vitendo vya mkono kwa kipindi. MIT-Manus, roboti ambayo Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza kuiunda mwaka 1989, humpitisha mgonjwa katika marudio 1,024 kwa saa moja. Faida ya mashine ni hiyo, na usiitarajie ifanye zaidi.

Jaribio la RATULS la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, liliwafuatilia watu 770. Kati ya waliofanya mazoezi kwa roboti dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, asilimia 44 walifikia lengo la kutumia mkono. Waliopata tiba ya kawaida walikuwa asilimia 42, na waliopewa tiba ya mkono ya ziada bila roboti asilimia 50, tofauti ambazo kitakwimu hazisimami. Kilichopanda kwa watu wa roboti ni alama za Fugl-Meyer, yaani uwezo wa viungo wenyewe kujongea. Kikombe kilibaki mezani.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaigawa saa ya mgonjwa: dakika 30 ni za mashine, dakika 15 za mwisho ni za vikombe, taulo na vifungo vya shati, na zilizobaki ni za kufunga na kufungua. Anayezila zile 15 kwa sababu muda umemponyoka amemfundisha mgonjwa mchezo wa kompyuta. Mlengwa hapa ni mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kwa vitendo aliyekwisha kupata mafunzo ya mashine yake. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma ili ajue la kuuliza.

Hatua ya 1: Ijue mashine iliyo mbele yako

Zipo za namna mbili. Ya kwanza ni roboti ya mpini: mgonjwa anashika mpini, au anafungwa kiganja juu yake, na mashine inauongoza mkono kutokea hapo tu. Kumfunga mtu huchukua dakika tatu hadi tano na urefu wa mkono wake hausumbui. Kasoro yake ni kwamba haioni bega wala kiwiko vinafanya nini. Mgonjwa anaweza kuufikisha mpini kwenye shabaha inayoonyeshwa kwenye skrini kwa kuinama kifua, na mashine ikampa alama zote.

Ya pili ni roboti ya kuvaliwa, kama ARMin iliyoundwa Zurich: fremu inauzunguka mkono na kila kiungo kina mota yake. Hii inajua kiwiko kiko nyuzi ngapi. Lakini siku ya kwanza ya kuipima kwa mgonjwa mpya tenga dakika 20 nzima, kwa kuwa urefu wa mkono wa juu, wa kigasha na wa kiganja vyote hurekebishwa kimoja kimoja. Yaandike marekebisho hayo (mashimo, namba za reli) kwenye faili lake, la sivyo utaanza upya kila siku.

Kabla hata ya kumwita mgonjwa, jaribu kitufe cha dharura mashine ikiwa tupu. Unachotafuta si kwamba inazima tu. Tazama fremu inafanya nini umeme ukikatika: inaganda palepale, inashuka taratibu, au inaanguka? Mashine nyepesi zinazosukumika kwa urahisi ndizo aghalabu huuachia mkono. Kama yako ni ya namna hiyo, mkono wako mmoja lazima uwe chini ya kiwiko cha mgonjwa kabla ya mwingine kubonyeza kitufe, maana bega lililopooza halina misuli ya kudaka uzito.

Hatua ya 2: Nani apande, nani asubiri

Asubiri mwenye mvunjiko wa mfupa ambao haujaunga, kidonda mahali mikanda inapopita, damu iliyoganda kwenye mshipa wa mkono, bega lililotenguka, kifafa kisichodhibitiwa, au mifupa iliyodhoofika sana. Kiungo kilichokwisha kukakamaa kabisa, kisichonyooka hata ukivuta polepole, hakitafunguliwa na mota. Shinikizo la damu likiwa juu ya 200 kwa 110 akiwa ametulia, hakuna mazoezi siku hiyo. Mpigie daktari wake. Vituo vingi hujiwekea kikomo cha chini zaidi, na hilo ni jema.

Kuhusu kuanza mapema: saa 24 za kwanza si wakati wa mazoezi mazito. Jaribio la kimataifa la AVERT lilionyesha mwaka 2015 kwamba kumwinua mgonjwa kitandani mapema mno na kwa wingi kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Kwa roboti, kigezo cha kawaida kinatosha: hali yake imetulia, anaweza kukaa kitini dakika 45 bila kuanguka upande, na anafuata agizo rahisi, hata kama ni kwa kuonyeshwa. Mwenye afasia, yaani aliyepoteza uwezo wa kusema au kuelewa maneno, hahitaji maelezo marefu. Uchukue mkono wake mzima, ufanye nao zoezi mara mbili, kisha uguse ule mgonjwa.

Mwenye kiharusi cha miaka miwili iliyopita naye asifukuzwe. Jaribio la Marekani la mwaka 2010 lilichukua watu 127 ambao kiharusi chao kilikuwa na miezi sita au zaidi, na baada ya wiki 36 kundi la roboti lilikuwa mbele ya tiba ya kawaida kwa pointi karibu 3 za Fugl-Meyer. Ni faida ndogo, na aambiwe hivyo kabla hajaanza.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kufunga

Chukua vipimo hivi siku ya kwanza na uviweke ukurasa mmoja.

- Fugl-Meyer ya mkono, yenye jumla ya pointi 66. Inaonyesha viungo vinajongea namna gani.
- ARAT, yenye jumla ya 57. Hii ni ya kushika, kubana na kuinua vitu. Ndiyo itakayokuambia kama mazoezi yamefika mezani.
- Mkazo wa misuli kwa kipimo cha Ashworth kilichorekebishwa, kwa misuli inayokunja kiwiko, kifundo cha mkono na vidole.
- Nyuzi ambazo kila kiungo kinafika bila maumivu ukikijongeza wewe. Namba hizi utaziingiza kwenye mashine.
- Maumivu ya bega, 0 hadi 10, akiwa ametulia na akiwa anainuliwa mkono.
- Pengo la bega: mkono ukining'inia, pitisha vidole chini ya ncha ya mfupa wa juu wa bega. Nusu kidole, kidole kimoja, kimoja na nusu. Andika.

Kama bado yuko siku ya tatu tangu augue, mwombe auondoe mkono ubavuni na kunyoosha vidole, na ukipe kila kitendo alama 0 hadi 5 za nguvu. Jumla ya 5 au zaidi kati ya 10 ni dalili njema sana kwa mkono huo. Jumla ya 0 haikatazi mazoezi, ila inakuonya usiahidi.

Hatua ya 4: Kumkalisha na kumfunga

Makosa mengi ya mashine hizi huzaliwa hapa, katika dakika ambazo kila mtu anataka zipite upesi.

Kiti kisiwe na magurudumu, au breki ziwe zimefungwa na viegemeo vya miguu vimetolewa. Matako yafike nyuma kabisa, nyayo zikanyage sakafu, magoti yakiwa na nyuzi 90. Meza au fremu iwe na urefu ambao kiwiko kinakunjika nyuzi 90 bila bega kupanda kuelekea sikioni. Mkanda wa kifua uvuke mabega yote mawili, umkumbushe mgonjwa asiiname lakini umwache apumue. Mkanda mmoja wa kiunoni hauzuii kifua kwenda mbele.

Sasa bega. Usiuinue mkono kwa kuvuta kiganja, hata mara moja. Weka mkono wako mmoja chini ya kiwiko, mwingine juu ya kombe la mkono (mfupa bapa wa nyuma ya bega), usukume kombe hilo mbele na juu kidogo, ndipo uulaze mkono kwenye kifungio. Mkono wa juu uwe umeondoka ubavuni nyuzi 20 hadi 45, na kiwiko kiwe mbele kidogo ya mstari wa kifua. Kama pengo la bega ni kidole kimoja au zaidi, kifungio cha kigasha lazima kibebe kiwiko kutokea chini. Kikibeba kifundo cha mkono peke yake, uzito wote unaning'inia kwenye bega.

Kwa roboti ya kuvaliwa, linganisha mhimili wa mota na mhimili wa kiungo. Kwa kiwiko, tafuta kwa kidole kile kifundo cha mfupa upande wa nje, kisha kitovu cha mota kikae usawa wake. Ukishafunga, zima nguvu za mota, ukunje na kunyoosha kiwiko kwa mkono wako kutoka mwisho hadi mwisho, huku macho yakiwa kwenye kifungio. Kikiteleza kwenye ngozi zaidi ya sentimita moja, mhimili haujakaa. Usikaze mkanda ili kuficha mtelezo huo, kwani kinachofuata ni ngozi kusuguliwa na kiungo kuvutwa kando kila rudio, mara mia tatu kwa siku.

Mikanda: vidole viwili vipite chini yake. Usipitishe mkanda kwenye mfereji wa ndani ya kiwiko, palipo na mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha mwisho. Mgonjwa akilalamika kuwashwa au ganzi ya kidole hicho, mkanda umekaa vibaya. Tatizo ni kwamba wengi hawalalamiki, kwa kuwa hisia zenyewe zimepotea. Kwa hao ngozi ndiyo inayosema. Fungua baada ya dakika 10 siku ya kwanza, tazama. Wekundu usioisha ndani ya dakika 30 baada ya kipindi maana yake ni sponji zaidi au kifungio kingine.

Kiganja kilichokunjika ngumi kinahitaji subira. Ukivuta ncha za vidole vitajibu kwa kukaza zaidi. Kunja kwanza kifundo cha mkono kwenda chini, kano za vidole zilegee. Shika kidole gumba kwenye shina lake, chini karibu na kiganja, ukitoe nje. Subiri kupumua mara mbili au tatu. Vidole vingine vitafunguka vyenyewe kiasi cha kupitisha mpini. Ndipo urudishe kifundo taratibu. Na pete zivuliwe kabla, kwa kuwa mkono uliopooza huvimba.

Mwisho, mipaka. Ingiza nyuzi ulizopima katika hatua ya 3 ukipunguza 10 kila upande. Kuinua bega, mbele au kando, kusipite nyuzi 90 kama kombe la mkono halizunguki pamoja nalo. Juu ya hapo kichwa cha mfupa hubana nyama laini za bega dhidi ya mfupa ulio juu yake, na maumivu ya bega yakianza huchukua wiki kadhaa za mazoezi.

Hatua ya 5: Uzito wa mkono

Mkono wote, kutoka begani hadi vidoleni, ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 3.5, ambazo mashine itaziandika kama nyutoni 34 hivi. Namba hii ikusaidie kuikagua mashine: ikipima mkono wa mtu huyo na kusema nyutoni 18 au 55, kuna kitu hakiko sawa. Mara nyingi mgonjwa hakulegeza. Aliyekuwa akijiinulia mkono wakati wa kupimwa ataonekana mwepesi, na mazoezi yakianza mkono utadidimia. Aliyekuwa akikandamiza chini kwa mkazo wa misuli ataonekana mzito, na mashine itausukuma mkono juu kama boya. Mwambie ashushe pumzi, utikise kiwiko kidogo, upime tena.

Kwa nini uzito unastahili hatua nzima? Baada ya kiharusi, misuli ya mkono hujifunga pamoja kama fungu moja. Mgonjwa akijitahidi kuinua bega, kiwiko hukunjika na vidole hufumba bila yeye kutaka. Kadiri bega linavyobeba zaidi, ndivyo kiwiko kinavyonyooka kidogo. Ushahidi wake unaonekana kwa macho: ulaze mkono mezani umwambie afikie mbele, pima umbali kwa rula, kisha mwombe afikie palepale mkono ukiwa umeinuka sentimita mbili tu juu ya meza. Wengi hupoteza sehemu kubwa ya ule umbali, na kiganja hufumba.

Kwa hiyo anza na mashine ikibeba asilimia 100. Akiwa anafikia umbali wake wote, ondoa asilimia 10. Akiwa bado anafika angalau tisa ya kumi ya umbali wa mwanzo katika vipindi viwili mfululizo, ondoa 10 nyingine. Ukiona vidole vinaanza kufumba wakati wa kufikia, umepunguza mno; rudi nyuma. Ngazi hii ndiyo kipimo bora cha maendeleo ambacho mashine inakupa, kuliko alama za mchezo wowote.

Hatua ya 6: Msaada kiasi gani

Karibu kila roboti ina namna nne: inauvuta mkono wenyewe, inausaidia pale unaposhindwa, inauacha huru, au inaupinga. Ya kwanza ni ya kupasha viungo joto, dakika tatu basi. Mkono unaovutwa bila mwenyewe kujaribu hufaidi ulaini wa viungo tu. Ubongo haujifunzi chochote cha maana.

Namna ya pili ndiyo ya kukaa nayo, na ndiyo inayodanganya. Mwili hauna haya: ukigundua kuna anayebeba, unaacha kubeba. Skrini inaonyesha mkono umefika, mtaalamu anafurahi, kumbe mota imefanya kazi yote. Dawa yake ni kuchelewesha msaada. Weka mashine isubiri sekunde mbili kabla ya kusaidia, na umwambie mgonjwa wazi: "Anza wewe. Mashine itakuja ukikwama." Kisha kila kipindi, zima msaada kwa marudio matano bila kumtangazia. Umbali ukiporomoka ghafla, alikuwa abiria.

Kiwango kizuri ni kile anachofaulu mara saba au nane kati ya kumi. Akifaulu tisa na zaidi, punguza msaada kwa asilimia 10 au sogeza shabaha mbali. Akishuka chini ya sita, ongeza. Usingoje mwisho wa wiki. Fanya hivyo katikati ya kipindi.

Kasi nayo ni dawa. Mkazo wa misuli huamka kwa kasi: kiwiko kilekile kinachonyooka kwa amani ukikivuta polepole hukamata na kugoma ukikivuta haraka. Anza na sekunde nne hadi sita kwa safari ya kwenda tu, upunguze kidogokidogo. Kama mgonjwa amechomwa sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, panga vipindi vingi zaidi kati ya wiki ya pili na ya sita, wakati misuli imelegea zaidi. Nguvu ya dawa huisha kwa miezi mitatu hivi.

Hatua ya 7: Kipindi chenyewe

Dakika 10 za kwanza: shinikizo la damu, maumivu, ngozi, kukalisha, kufunga.

Dakika 3 za kuvutwa polepole. Halafu mafungu manne ya marudio 80, kila fungu likichukua kama dakika tano na nusu, na mapumziko ya dakika moja na nusu kati yake. Hiyo ni jumla ya 320. Wiki ya kwanza usiende huko. 150 hadi 200 zinatosha kuona bega litasemaje kesho yake. Wenye nguvu wataelekea 600 na kupita. Katika mapumziko mkono ubaki umebebwa, usining'inie.

Fungu moja liwe la bega na kiwiko kufikia mbele, moja la kwenda kando, na mawili ya kile alichokaribia kukipata. Mwanzoni kitu hicho ni kunyoosha kiwiko. Baadaye huwa kifundo na vidole, kama mashine yako inavifikia. Kuna kishawishi cha kuzunguka kila kiungo ili kila kimoja kipate haki yake. Mkono haufanyi hivyo. Kiungo kilicho ukingoni mwa kuamka ndicho kinacholipa.

Dakika 5 za kufungua na kutazama ngozi. Dakika 15 za mezani, ambazo ni hatua ya 9.

Mara tatu kwa wiki ndiyo ratiba ya majaribio mengi. Mara tano haina ubaya kama uchovu unaruhusu. Uchovu wa kiharusi haufanani na wa kulima. Unakuja ghafla, na dalili yake ya kwanza ni makosa kuongezeka upande mmoja wa skrini au kichwa kuinama. Kata fungu hapo. Marudio mabovu nayo hujifunzwa.

Hatua ya 8: Yanayoharibika, na sababu zake

Alama za mchezo zinapanda lakini ARAT imesimama. Mgonjwa amegundua njia ya mkato, mara nyingi kifua: anainama sentimita kumi na kiwiko hakijanyooka hata nyuzi tano. Bandika kipande cha plasta kwenye mfupa wa kifua chake na kingine kwenye kiti. Pengo kati yake likipanuka wakati wa kufikia, unajua. Kaza mkanda, sogeza shabaha karibu, hesabu tu yale yaliyotoka kiwikoni.

Bega linapanda sikioni. Msaada wa uzito ni mdogo au meza iko juu. Rekebisha hayo kabla ya kumkemea ashushe bega. Hawezi kushusha kitu kinachomsaidia kuinua.

Mashine inasimama kila mara na kutoa onyo la nguvu kupita kiasi. Usiongeze kikomo cha nguvu ili inyamaze. Mashine imehisi mkazo wa misuli ukiipinga. Punguza kasi kwanza, kisha angalia kama amekuja na kibofu kilichojaa, maumivu, au baridi; vitu vidogo hivyo huamsha mkazo wa mwili mzima. Mkazo uliopanda ghafla ndani ya siku mbili bila sababu ni wa kupelekwa kwa daktari.

Mkono unakwenda kinyume na skrini. Umebadilisha fremu kutoka kulia kwenda kushoto lakini programu haijaambiwa, au kinyume chake. Hili ni hatari kwa sababu mipaka ya nyuzi nayo imegeuka. Kila ukibadili upande, iendeshe tupu mzunguko mmoja kabla ya kumfunga mtu.

Hafikii kamwe shabaha za kushoto, ingawa mkono unaweza. Huenda ubongo wake umeusahau upande wa kushoto, au haoni nusu ya uwanja wa macho. Sogeza skrini kulia, weka utepe mwekundu wima kwenye ukingo wa kushoto wa skrini, umwombe autafute kabla ya kila rudio. Siku hadi siku rudisha skrini katikati.

Bega linauma usiku baada ya kipindi. Usiku uleule ndio muhimu, maana wakati wa mazoezi mara nyingi husikii neno. Maumivu yakipanda pointi mbili au zaidi na kudumu hadi asubuhi, punguza kimo cha kuinua hadi nyuzi 60 na marudio kwa nusu. Yakibaki baada ya vipindi viwili, ondoa bega kwenye mashine, ubaki na kigasha na kiganja hadi apimwe.

Hatua ya 9: Kutoka kwenye mashine hadi mezani

Fanya mara moja, kabla hajasimama kwenda nyumbani. Chagua vitendo viwili au vitatu vinavyotumia kile alichorudia sasa hivi, dakika tano kila kimoja, marudio 20 hadi 30.

Kama zoezi lilikuwa kunyoosha kiwiko: taulo iliyokunjwa, afute meza kwa kusukuma mbele hadi kwenye alama ya chaki, na kila siku sogeza alama sentimita mbili. Kama lilikuwa kufungua kiganja: kibao cha sentimita 5 kwanza, kwa kuwa kinashikika bila kufungua sana wala kubana kwa ufundi, kisha cha 7.5, ambacho kinadai kiganja kifunguke. Kisha cha 2.5; gololi mwisho. Kuachia ni kugumu kuliko kushika. Wengi watakamata kibao vizuri na kugandana nacho, kwa hiyo hesabu rudio pale kinapoachwa na si kinapoinuliwa. Mkono ulio dhaifu kabisa nao una kazi: kushikilia karatasi wakati ule mzima unaandika, kukandamiza sahani isiteleze.

Anayemhudumia nyumbani apewe vitendo hivyohivyo viwili, dakika 20 mara mbili kwa siku, kwenye karatasi yenye michoro. Na apewe katazo moja kwa herufi kubwa: ASIMWINUE KWA KUMVUTA MKONO WALA KWA KWAPA. Wiki nzima ya kulinda bega kwenye mashine hupotea kwa mvuto mmoja wa kumtoa kitandani.

Hatua ya 10: Pima tena, kisha amua

Rudia Fugl-Meyer na ARAT kila baada ya vipindi 9 au 10, na inapowezekana apime mtu asiyemfanyisha mazoezi. Pointi 5 za Fugl-Meyer au 6 za ARAT ni mabadiliko ambayo mgonjwa mwenyewe atayaona. Pointi moja au mbili ni mtikisiko wa kipimo.

Fugl-Meyer ikipanda na ARAT ikabaki, geuza saa: mashine dakika 15, meza dakika 30. Vyote viwili vikisimama baada ya vipindi 18 vilivyofanywa sawasawa, mashine imetoa ilichonacho kwa sasa. Elekeza nguvu kwenye kulinda bega, kulaza mkono vizuri, banzi la usiku kama vidole vinakaza, na kazi za mikono miwili.

Upande wa pili wa mlango ni mgonjwa aliyepona kiasi cha kutoihitaji. Akiweza kuinua kifundo cha mkono nyuzi 20 na kunyoosha vidole nyuzi 10 kwa nguvu zake mwenyewe, mfungue. Mkono huo sasa unatosha kwa tiba ya kuufunga ule mzima: glavu nene kwenye mkono usiougua kwa asilimia 90 ya saa za kuwa macho, kwa wiki mbili, na mkono uliopooza ndio ushike mswaki, kijiko na kitasa cha mlango.